Kosa Lionekane Kabla ya Kengele: Siku ya Darasani, Hatua kwa Hatua, kwa Mwalimu wa Madarasa ya Chini

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha nilikuwa nikirudi nyumbani sauti imekauka, nguo zimejaa vumbi la chaki, na moyoni najipongeza kwamba leo nimefundisha. Kisha jioni nafungua madaftari. Siku moja nilikuta watoto kumi na wanane wamefanya maswali yote kumi ya kutoa kwa kosa lilelile. Yaani kosa moja limefanyiwa mazoezi mara kumi, na mimi nipo hapohapo, nimewapa mgongo naandika ubaoni.

Tangu hapo naipanga siku yangu kwa kufuata jambo moja: kila mtoto afanye kitu ninachoweza kukiona, mara nyingi kwa siku, ili kosa nilikute likiwa bichi. Mwongozo huu unaeleza ninavyofanya hivyo, kuanzia jioni ya kuamkia siku yenyewe hadi kengele ya kwenda nyumbani. Umelenga madarasa matatu ya kwanza, watoto wa miaka sita hadi tisa hivi. Ukiwa na watoto ishirini utafurahi. Ukiwa na sitini utatoka jasho, ila hatua ni zilezile, na pale zinapobadilika nitasema.

Jioni ya kuamkia siku

Fomu ya andalio la somo ijaze unavyotakiwa na shule yako. Lakini kabla ya kuishika, chukua kipande cha karatasi uandike mistari mitatu kwa kila somo. Mstari wa kwanza: mtoto atafanya nini ambacho nitakiona? "Ataelewa kutoa" haionekani kwa macho. "Atatoa namba za tarakimu mbili kwa kufungua fungu la kumi" inaonekana. Mstari wa pili: watakosea wapi? Ukishafundisha mada mara mbili tatu utalijua kosa kabla halijafika, kama unavyolijua shimo la njia unayopita kila siku. Mstari wa tatu: swali gani moja litalifichua kosa hilo? Mistari hiyo mitatu ndiyo somo lenyewe. Mengine ni mapambo, na nasema hivi nikijua kwamba mkaguzi atataka kuyaona mapambo.

Zana uzihesabu jioni, si asubuhi. Kama kesho ni vijiti vya kuhesabia, vifunge makumi leo. Weka pia kopo la penseli za akiba, zilizochongwa, karibu na mlango. Mtoto asiye na penseli hukaa bila kufanya chochote, au husumbua wenzake watatu akiomba, na mwalimu hupoteza dakika nne akihoji penseli ya jana ilikwenda wapi. Mpe penseli, airudishe akitoka. Maswali kuhusu iliyopotea yana wakati wake.

Mwisho, futa ubao na uandike kazi ya asubuhi kabla hujaondoka.

Dakika kumi za kwanza

Simama mlangoni. Usikae mezani ukipanga karatasi watoto wanapoingia. Msalimie kila mmoja kwa jina na umtazame usoni. Hapo utamwona aliyelia njiani, anayeumwa, aliyelala kidogo. Ukimgundua mapema utampa kazi nyepesi ya kuanzia. Ukichelewa utamgombeza kwa kosa ambalo si lake.

Anayeingia huenda moja kwa moja kwenye nafasi yake, hufungua daftari la asubuhi na kuanza kazi iliyo ubaoni. Hasubiri kuambiwa. Kazi hiyo ni maswali manne tu: mawili ya jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Hermann Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Kijerumani, alijipima mwenyewe kwa miaka na mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoroka ndani ya saa na siku za mwanzo. Kurudia baada ya muda, pale ambapo kitu kimeanza kufifia, kunakirudisha na kukikaza. Ndiyo maana swali la mwezi uliopita nalithamini kuliko mawili ya jana, ingawa ndilo watoto wanalolalamikia.

Wakati wanaandika, usiite majina ya mahudhurio kwa sauti. Tazama nafasi zilizo wazi, uandike. Umeokoa dakika tano, na darasa halijavurugwa na "nipo mwalimu" arobaini. Kisha pita katikati ya madawati mara moja ukiwa na kalamu mkononi. Usisahihishe kila kitu. Tafuta swali moja tu ulilolichagua, weka alama ya vema kwa waliopata, na kwa waliokosa weka nukta ndogo. Nukta maana yake "litazame tena", na watoto wataizoea ndani ya wiki moja.

Nani anakaa wapi

Hapa nina deni la binti mmoja. Nilimhesabu mzembe kwa muhula mzima kwa sababu alikuwa akinakili kwa jirani badala ya ubaoni, na namba zake zilikuwa hazifanani na zangu. Siku moja nilimwomba asome neno nililoandika ubaoni, akakunja macho, akainuka, akasogea hatua nne mbele ndipo akasoma. Alikuwa haoni. Alikuwa amekaa nyuma kwa sababu ni mrefu, na mimi ndiye niliyempanga pale.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ya kila muhula, andika herufi ubaoni kwa ukubwa unaouandika siku zote, umwite kila mtoto mmojammoja azisome akiwa kwenye nafasi yake. Kisha simama nyuma yake useme neno kwa sauti ya chini, alirudie. Hicho si kipimo cha hospitali, ila kinakuambia nani aje mbele na mzazi gani umwite. Baada ya hapo, wapange wengine utakavyo, mradi uweze kupita nyuma ya kila mtoto. Nafasi usiyoweza kuifikia kwa miguu huwezi kuifundisha.

Kusoma: kipindi cha kwanza, kichwa kikiwa kipya

Kusoma nakuweka mwanzoni mwa siku. Kiswahili kina bahati: herufi na sauti zake zinakwenda pamoja karibu kila mahali, na irabu ni tano tu. Mtoto akishazishika a, e, i, o, u, ukampa m, anapata ma, me, mi, mo, mu, na siku hiyohiyo anaweza kusoma neno kamili. Fundisha sauti kabla ya jina la herufi. Anayejua kwamba herufi hii "inaitwa em" atasoma "ema" pale palipoandikwa "ma".

Lakini bahati hiyo ina mitego yake, na hapa ndipo makosa yanapojificha. Wa kwanza ni m inayosimama peke yake kama silabi: m-tu, m-to-to, m-ti. Watoto waliozoea kuimba ma-me-mi-mo-mu husoma "mutu" na "mutoto", na baadaye huandika hivyo. Wapigishe makofi: mtoto ni makofi matatu, na kofi la kwanza ni la m peke yake, midomo imefungwa. Mtego wa pili ni ng na ng'. Ngoma na ng'ombe weka pamoja siku moja, si kwa nyakati tofauti, mtoto azisikie zikipishana. Kile kialama kidogo juu wengi hukiona kama doa la wino. Wa tatu ni urefu wa maneno. "Anapokimbia" humtisha mtoto anayesoma vizuri "paka". Liandike kwenye karatasi, likate kwa mkasi, a-na-po-ki-mbi-a, alisome vipandevipande, kisha aviunganishe kwa kuvisogeza mezani.

Sasa kosa kubwa kuliko yote katika kusoma, ambalo lilinipita kwa miezi: mtoto anayekariri. Nilikuwa na kijana mmoja aliyesoma ukurasa wa kitabu bila kigugumizi, sauti nzuri, mpaka nikawa namsimamisha mbele ya wageni. Siku moja nikaona kidole chake kiko mstari wa pili na mdomo wake uko wa nne. Nikafunika ukurasa kwa kiganja. Akaendelea kusoma. Aliukariri wote kwa kuwasikiliza wenzake.

Tangu siku hiyo simwamini msomaji yeyote mpaka nimpe sentensi mpya iliyotungwa kwa maneno yaleyale. Kama kitabu kinasema "Juma anapanda mti", ubaoni naandika "Mti unapanda Juma?" Anayesoma kweli atacheka. Aliyekariri atasema Juma anapanda mti, kwa kujiamini kabisa.

Mpangilio wa kipindi chenyewe ni huu. Dakika tano za sauti na silabi mpya, wote pamoja. Dakika kama kumi mwalimu anasoma kifungu kwa sauti huku watoto wakifuata kwa kidole, kisha wanasoma wote pamoja. Kisha wawiliwawili, mmoja anasoma mwingine anafuata kwa kidole, halafu wanabadilishana. Hapa ndipo wewe unapita na kusikiliza watoto watano. Watano tu kwa siku, kwa orodha. Ukiwa na watoto arobaini, ndani ya siku nane umemsikia kila mmoja peke yake. Ukiwa na sitini ni siku kumi na mbili. Usiwasikilize waliokaa mbele kila siku.

Kuhusu kuwapanga wawiliwawili, usimweke hodari kuliko wote na dhaifu kuliko wote. Hodari atasoma yote na mwenzake ataitikia. Panga orodha yako kimoyomoyo kuanzia wa kwanza hadi wa arobaini, kisha wa kwanza akae na wa ishirini na moja, wa pili na wa ishirini na mbili, hivyohivyo mpaka wa ishirini na wa arobaini. Tofauti inabaki ya kusaidiana bila mmoja kumezwa. Orodha hiyo asiione mtu.

Kuandika, palepale

Usitenganishe kuandika na kusoma. Neno lililosomwa dakika tano zilizopita liandikwe sasa. Kwa darasa la kwanza, angalia kwanza mkono: penseli ishikwe kwa vidole vitatu, karatasi ishikiliwe kwa mkono mwingine isiteleze. Mtoto anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie, ila mweke upande wa kushoto wa dawati viwiko visigongane.

Kila siku toa imla ya maneno matano. Matatu ya somo la leo, moja la zamani, na moja ambalo hawajawahi kuliona ila silabi zake zote wanazijua. Hilo la tano ndilo linalonipa habari. Ukimaliza, andika maneno ubaoni, kila mtoto ajisahihishe kwa penseli ya rangi na aliandike upya neno alilokosea. Utapata wanaofuta kosa na kuandika neno sahihi juu yake ili waonekane wamepata. Waambie mapema, na uwaambie tena: kufuta ni marufuku, kosa likatwe kwa mstari mmoja, mimi nataka kuliona. Itachukua muda kabla hawajaamini kwamba huwatafuti kuwaadhibu.

Hesabu: anza na vitu, malizia na tarakimu

Fungua kipindi kwa dakika tano za vidole. "Nasema saba, nionyesheni kinachobaki kufika kumi." Vidole vitatu vinainuka, wote kwa mpigo, kwa ishara yako. Kwa sekunde mbili umeona darasa zima: nani ameinua haraka, nani anamtazama jirani kwanza. Hakuna mtihani wa bei rahisi kama huo.

Kwa walio wadogo kabisa, jaribu siku moja jambo ambalo Jean Piaget wa Uswisi alilifanyia kazi sana. Panga vizibo sita kwa mstari, na chini yake sita vingine, vikitazamana. Muulize mtoto kama vinalingana; atasema ndiyo. Sasa mbele ya macho yake utawanye mstari mmoja uwe mrefu, usiongeze kitu. Muulize tena. Wengi walio chini ya miaka saba watakuambia mstari mrefu una vingi. Huyo bado anahesabu kwa macho. Ukimrukisha kwenye 6 + 7 ya ubaoni atakariri wimbo wa namba bila kujua wimbo unahusu nini. Mrudishe kwenye vizibo, avihesabu akivigusa kimojakimoja, leo na kesho na keshokutwa.

Sasa turudi kwa wale kumi na wanane wa mwanzo. Swali lilikuwa hili:

42 − 15

Jibu lao: 33. Ukilitazama jibu unaweza kudhani ni uzembe, kumbe lina akili yake. Kwenye makumi, nne toa moja ni tatu. Kwenye mamoja, mbili toa tano haiwezekani, kwa hiyo mtoto akageuza: tano toa mbili, tatu. Kila mara akatoa ndogo kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Kosa hili halitibiwi kwa kurudia "kopa kwa jirani" kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto hajui jirani ni nani wala kinachokopwa ni nini.

Linatibiwa hivi. Mpe mtoto mafungu manne ya vijiti kumikumi vilivyofungwa kwa uzi, na vijiti viwili vilivyo huru. "Una ngapi?" Arobaini na mbili. "Nipe kumi na tano." Atakupa fungu moja, hiyo ni kumi. Kisha ataanza kukupa vijiti huru: kimoja, viwili, na hapo mkono utasimama hewani. Nyamaza. Usimsaidie. Huu mkono uliosimama hewani ndio somo lenyewe, na mwalimu mwenye haraka huuharibu kwa kusema jibu. Wengi, baada ya kuhangaika kidogo, watauliza: "Naweza kufungua hili?" Mwambie afungue. Uzi unatoka, vijiti kumi vinamwagika mezani, anakupa vitatu vilivyobaki kutimiza tano. Anahesabu kilichobaki: mafungu mawili na vijiti saba. Ishirini na saba.

Afanye hivyo mara tatu nne na namba nyingine. Siku inayofuata achore: mstari mrefu kwa kila kumi, nukta kwa kila moja, kufungua fungu ni kukata mstari mrefu na kuchora nukta kumi. Siku ya tatu ndipo tarakimu, na sasa ukimwambia akate 4 aandike 3, na 2 iwe 12, anaona uzi ukifunguka. Kitu, picha, alama: mwanasaikolojia wa Marekani Jerome Bruner alizieleza hatua za namna hii miaka ya 1960, na walimu wengi walikuwa wanazifuata kwa kujua tu watoto. Kinachoharibu ni pupa. Ukiruka picha kwa sababu mmechelewa kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa mada za muhula, utarudi kuifundisha mwezi ujao, tena kwa watoto walioamini kwamba hesabu hawaiwezi.

Mazoezi ya daftarini yawe machache. Nilikuwa natoa kumi. Sasa natoa manne, nasimama baada ya la kwanza. "Fanyeni la kwanza tu, kisha wekeni penseli chini." Napita haraka nikitazama jibu la kila mtoto. Waliopata wanaendelea na matatu yaliyobaki, na la nne nalifanya gumu ili hodari asimalize mapema akaanza vituko. Waliokosa wanakuja na vijiti kwenye meza ya pembeni, tunalifanya pamoja. Kama waliokosa ni zaidi ya nusu, kosa ni langu: nasimamisha wote, naanza upya kwa mfano mwingine.

Namna ya kuuliza

"Mmeelewa?" ni swali nililoliacha kabisa. Jibu lake ni "ndiyooo" ndefu, na anayeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ndiye aliyeachwa nyuma.

Badala yake uliza kitu, kisha unyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza madarasa mengi ya sayansi akaripoti miaka ya 1970 kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu au kumrukia mtoto mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto wengi zaidi wakajibu. Sekunde tatu ni ndefu ukiwa umesimama mbele ya watoto. Mimi huhesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Mikono iliyonyooshwa nayo hudanganya. Ni ya walewale sita. Andika majina ya wote kwenye vijiti au vipande vya karatasi, uviweke kwenye kopo. Uliza swali kwanza, subiri, ndipo uchomoe jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wamepumzika. Aliyechomolewa akishindwa, asiachwe amesimama akiaibika: anong'one na mwenzake, tunamrudia baada ya dakika moja, na lazima tumrudie. Na jina likishajibu lirudi koponi, vinginevyo aliyemaliza zamu yake analala.

Katikati ya kipindi na kipindi

Mimi sikufundishwa hili chuoni, na ndipo siku inapovuja. Chukua kwamba darasa linabadili shughuli mara tano kwa siku, na kila mara dakika tano zinapotea kwa kutafuta madaftari, kusukumana na kupiga soga. Hizo ni dakika 25 kwa siku, 125 kwa wiki. Zaidi ya saa mbili.

Fundisha mabadiliko kama unavyofundisha somo. Wiki ya kwanza tunafanya mazoezi: ishara yangu ni mkono juu, kila anayeuona anainua wake na kunyamaza. Daftari la zamani linafungwa na kupita kuelekea mwisho wa safu, la mpya linagawiwa na mtoto mmoja kwa kila safu, wa zamu. Tunahesabu sekunde. Mara ya kwanza huwa fujo tupu. Mwisho wa wiki wanashindana na rekodi yao ya jana.

Baada ya mapumziko usianze na jambo gumu. Wameingia wakihema, wana ugomvi wa mpira ambao haujaisha. Wasomee hadithi kwa sauti dakika kumi, wao wakisikiliza tu, vichwa juu ya madawati wakitaka. Sura moja kwa siku, na uikate pale panaponoga. Nimewaona watoto wakikimbilia darasani kengele ikilia kwa sababu hiyo tu.

Vipindi vya mchana

Sayansi, kuchora, michezo, kuimba na kazi za mikono naviweka baada ya hapo kwa sababu vinawainua watoto kwenye viti wakati miili imechoka kukaa. Sitavieleza kwa urefu. Ukiwa na utaratibu wa asubuhi, hivi hujipanga vyenyewe. Jambo moja tu kwa sayansi: mtoto aseme anachodhani kitatokea kabla hakijatokea. Kabla hujatia msumari, kizibo na jani kwenye ndoo ya maji, kila mtoto achore kipi kitaelea na kipi kitazama. Asiyebashiri anatazama kama sinema. Aliyebashiri vibaya hatasahau.

Utulivu

Sheria zangu ni tatu, na kila moja tumeiigiza, si kuiandika tu ukutani: mmoja akisema wengine tunasikiliza, vitu vya mwenzako vinaombwa, tukikosea hatuchekwi. Hiyo ya tatu ndiyo naisimamia kwa ukali kuliko zote. Fimbo situmii. Mtoto anayeogopa kupigwa hufunika daftari kwa mkono ninapopita, hunakili kwa jirani, hufuta. Yaani hulificha kosa, na mimi kosa ndilo ninalolitafuta kutwa nzima.

Anayesumbua nakwenda kusimama karibu naye huku nikiendelea kufundisha. Mara nyingi inatosha. Isipotosha, naongea naye pembeni kwa sauti ndogo, na kitu cha kwanza ninachokagua ni kazi niliyompa: rahisi mno, au ngumu mno? Watundu wengi niliowahi kuwa nao walikuwa wamechoshwa au wamepotea.

Madaftari na kazi ya nyumbani

Ukifuata hatua za juu, sehemu kubwa ya kusahihisha imeisha kabla ya kengele, mtoto akiwa mbele yako. Jioni nachukua rundo moja tu, la somo moja, kwa zamu. Na sichori misalaba mikubwa myekundu. Naweka nukta pale kosa lilipoanzia, yeye alitafute. Kwa 42 − 15 nukta inakaa juu ya zile tarakimu za mamoja, si kwenye jibu.

Kazi ya nyumbani iwe ya dakika kumi, ya jambo ambalo tayari analiweza. Ukimpa jipya, litafanywa na dada yake. Ninayoipenda zaidi ni kumsomea mtu ukurasa mmoja, mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, na mtu huyo aweke alama kwamba amesikia.

Dakika kumi za mwisho

Dakika tano za mwanzo ni za kusafisha, kila safu na eneo lake. Tano zinazofuata ni za karatasi. Kila mtoto anapata kipande kidogo, anaandika jina na jibu la swali moja, lile la mstari wa tatu ulioandika jana jioni. Ananipa mkononi akitoka mlangoni, namtaja jina, anakwenda.

Darasa likiwa tupu nazipanga karatasi mezani mafungu matatu: wamepata, wamekaribia, bado. Hazichukui dakika kumi, hata zikiwa sitini, kwa sababu ni swali moja. Wa fungu la tatu majina yao yanaingia kwenye daftari langu dogo. Kesho asubuhi, wenzao wakifanya maswali manne ya ubaoni, hao watakuja kwenye meza ya pembeni kwenye vijiti. Fungu la katikati linanipa swali la kwanza la kesho. Jana walikuwa saba kwenye fungu la tatu. Leo wamebaki watatu, na mmoja wao hakuwepo jana. Nafuta ubao, naandika maswali manne.